Kasuku amepunguzwa mdomo siku tatu zilizopita, anadondosha chakula

Mama wa Himbi (Goma)

Hamjambo wafugaji. Naomba msaada juu ya kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, umri kama miaka sita. Mdomo wa juu ulikuwa umerefuka hadi ncha ikakaribia koo. Jumatatu dokta wa mifugo aliupunguza kwa kimashine cha kusugua, si kwa mkasi. Zimeondoka kama milimita nane. Kwenye ncha ilitoka damu kidogo, ikazimwa palepale. Tukaambiwa tumpe chakula laini na tumrudishe baada ya miezi miwili, basi.

Leo ni Alhamisi. Anashika punje ya alizeti, anaigeuzageuza, inaanguka. Baada ya kula anatikisa kichwa. Usiku anajikunyata na kututumua manyoya. Uzito ulikuwa gramu 438 Jumatatu, leo asubuhi ni 421. Chakula chake cha siku zote ni alizeti, karanga, bugali na maharagwe kutoka sahani yetu, na mkate uliolowekwa kwenye chai.

Chakula laini ni kipi hasa, na kwa siku ngapi? Nitajuaje kama ana maumivu au hajazoea tu mdomo mfupi? Jirani anasema nimpake asali au mawese kwenye mdomo ili upone haraka, ni kweli? Na je, itabidi akatwe tena kila mara?

Papa wa Nguba (Bukavu)

Mama, mizani ndiyo itakayokuongoza wiki hii, kwa hiyo nianze nayo. Mpime kila asubuhi baada ya choo cha kwanza na kabla hajala, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja. Weka bakuli la plastiki juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, kisha mweke ndege. Kutoka 438 hadi 421 ni gramu 17, karibu asilimia 4. Hayo huonekana ndege akila vibaya siku mbili tatu. Akishuka hadi 416 amepoteza asilimia 5, mpigie dokta siku ileile. Akifika 394 ni asilimia 10, na hapo usingoje kupambazuke. Usitegemee macho, kwa sababu manyoya hufunika kifua kilichokonda. Pitisha kidole katikati ya kifua. Ule mfupa ukiusikia umesimama kama ukingo wa kisu, nyama za pande zote mbili zimekwisha.

Sasa kwa nini anadondosha. Kasuku hamezi alizeti na ganda lake. Ulimi huisukuma punje juu, kwenye vijistari vilivyo chini ya mdomo wa juu, halafu ukingo wa mdomo wa chini ndio unaopasua ganda. Ukimwondolea milimita nane kwa mara moja, ile midomo miwili haikutani tena pale alipozoea. Punje inateleza. Hiyo peke yake si ugonjwa, na kwa kawaida hujirekebisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Ila mdomo si ganda kavu tupu. Juu kuna keratini, kitu kilekile cha kucha, na chini yake kuna mfupa, damu na mishipa ya fahamu. Ncha yenyewe ina vihisio vingi vya kugusa, maana ndege huutumia kama sisi tunavyotumia ncha za vidole. Pale palipotoka damu patauma siku mbili tatu.

Chakula laini. Usibadilishe chakula chote wiki hii! Watu wengi wakisikia alizeti ni mbaya huiondoa siku hiyohiyo, na kasuku asiyeijua boga anaweza kukaa na njaa mbele ya bakuli lililojaa. Mpe vitu anavyovijua, ila umfanyie wewe kazi ya mdomo. Alizeti imenye, iponde kidogo, iloweke katika maji ya vuguvugu yaliyochemshwa kwa saa moja au mbili, kisha ichuje. Maharagwe yachemshwe peke yake, bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu, hadi yapondeke kwa vidole viwili. Haragwe ambalo halijaiva vizuri lina sumu kwa ndege, kwa hiyo haragwe lenye kiini kigumu litupe. Bugali uwe mpya na laini, vipande vidogo kama punje ya hindi. Ongeza yai lililochemshwa kwa dakika kumi, lipondwe kwa uma, kijiko kimoja cha chai kwa siku kinatosha. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, karoti na boga vichemshwe na kupondwa. Anza kwa kuvipaka juu ya alizeti anayoipenda, ili apate ladha yake bila kulazimishwa. Ndizi mbivu na papai hazina shida.

Uji wa mtama, soya na mahindi unafaa sana, lakini uwe mzito, unaoanguka kutoka kwenye kijiko kama donge. Uji mwepesi unaganda chini ya mdomo na kuingia kwenye matundu ya pua. Pima joto kwa kifundo cha mkono wako: uwe wa vuguvugu tu, digrii 38 hadi 40. Ukipita 43 unaweza kumuunguza mfuko wa chakula ulio shingoni, na kidonda hicho hakionekani hadi siku kadhaa zipite.

Kiasi ni vijiko viwili vya supu asubuhi na viwili jioni, katika bakuli pana lisilo na kina. Baada ya saa mbili hadi tatu ondoa kilichobaki, maana chakula chenye maji huchacha. Wakati wa katikati muachie ile alizeti iliyomenywa ikiwa kavu.

Maji yawe katika bakuli pana lenye kina cha sentimita tatu hivi. Kasuku huteka maji kwa mdomo wa chini na ulimi, na kile kikombe chembamba kinachoning'inia pembeni kinamsumbua sasa. Usimpe maji wala uji kwa bomba la sindano kama hujafundishwa, yakiingia kwenye njia ya hewa utampoteza.

Kutikisa kichwa baada ya kula mara nyingi ni chakula kilichonasa. Jioni mmulike kwa tochi chini ya mdomo wa juu. Ukiona ukoko, ulowanishe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha uusugue polepole kwa mswaki laini wa mtoto. Usichokoe kwa kijiti.

Dada wa Katindo (Goma)

Papa wa Nguba amesema vizuri juu ya chakula. Mimi nijibu juu ya maumivu na dawa.

Dalili kwamba hajazoea tu: anajaribu, anadondosha, anaokota tena, anapiga kelele zake za kawaida, na kabla ya kulala anasaga mdomo, ile sauti ya krr-krr. Kusaga huko ni alama nzuri sana, kasuku anayeumwa mdomo hausagi. Dalili za maumivu ni tofauti. Anakwenda kwenye bakuli, anaangalia, anarudi bila kugusa. Anauacha mdomo nusu wazi. Anausugua upande mmoja tu kwenye kijiti. Anakataa kutumia mdomo kupanda, na kasuku hutumia mdomo kama mguu wa tatu. Analala mchana kichwa kikiwa mgongoni. Ukiona mbili kati ya hizo baada ya siku ya tatu, mrudishe, usingoje hiyo miezi miwili.

Asali hapana. Inanata, inavuta vumbi na sisimizi, na mdomo hauponi kwa kupakwa kitu, keratini mpya inatoka chini na kusukuma ya zamani. Mawese hapana kabisa kwa nje. Ndege atajipangusa kwenye manyoya, manyoya yenye mafuta yatashikana, na hayatashika tena joto. Pombe, maji ya chumvi, ndimu, mafuta ya ngozi: hapana kwa vyote.

Dawa za watu za farmasi msimpe. Parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki, hata robo ya kidonge, hapana. Diklofenaki iliyopewa ng'ombe ndiyo iliyomaliza tumbusi wa Asia ya Kusini waliokula mizoga yao. Si kila ndege hufanana na tumbusi, lakini hiyo inatosha kuonyesha kwamba mwili wa ndege si mwili wetu mdogo. Dawa ambayo madaktari wa ndege huitumia zaidi kwa maumivu ya mdomo ni meloksikamu ya maji, na kipimo chake kinahesabiwa kwa gramu za ndege, kwa hiyo ukienda kuiomba enda na ile 421 imeandikwa. Antibiotiki pia, hasa tetra (tetrasaiklini) ya kutia kwenye maji ambayo watu huinunua sokoni, haina kazi hapa. Mdomo uliosuguliwa si kidonda chenye usaha. Maji yanakuwa machungu, ndege anaacha kunywa, na unapata tatizo la pili.

Damu ikitoka tena, kwa mfano akijigonga: mfunge katika taulo bila kumbana kifua. Ndege hana misuli ya kupumulia kama yetu, anapumua kwa kufungua na kufunga kifua chote, na anayebanwa kifua anakosa hewa mikononi mwako. Chukua unga wa mahindi mkavu au wanga, weka kwenye pamba safi, bana kwenye ncha kwa dakika mbili kamili bila kufungua kuangalia. Kama bado, dakika tatu nyingine. Usizibe matundu ya pua. Ndege wa uzito huo ana damu kama mililita 44 mwilini mwote. Matone mawili matatu hayatishi, lakini ikikaribia mililita 4, ambayo haijai hata kijiko cha chai, ni hatari. Baada ya hapo usimpe kitu kigumu kwa siku mbili.

Na swali kwako Mama: kile choo chake kina rangi gani, na usiku analala wapi?

Mama wa Himbi (Goma)

Aksanti sana Papa, aksanti Dada. Leo amekula maharagwe yaliyopondwa na yai. Anasaga mdomo jioni, nimesikiliza.

Choo ni kidogo, kijani iliyokolea, na ile sehemu nyeupe ina umanjano kidogo. Nilidhani ni boga. Usiku tundu lipo chini, sebuleni, karibu na mbabula (jiko la makaa) ili apate joto, kwa sababu umeme unakatika. Kijiti chake kipo juu kabisa ya tundu.

Dada wa Katindo (Goma)

Mama, mbabula itoke leo hii, kabla ya jambo lingine. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu hata yanapoonekana mekundu na hayana moshi. Mapafu ya ndege yana vifuko vya hewa vinavyoingia mwili mzima, na hewa inapita humo kwa namna ambayo kila pumzi inatumika vizuri kuliko yetu. Kwa sababu hiyo sumu ileile inamuua yeye kabla ninyi hamjaumwa kichwa. Sufuria zisizoshika chakula nazo, zikiunguzwa tupu, zinatoa hewa inayoua kasuku kwa dakika chache. Asiwe jikoni, wala karibu na mlango wa jikoni.

Tundu lisikae chini. Hapa Goma tunajua mazuku: hewa nzito inayotoka ardhini na kutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, upande wa Lac Vert na Bulengo hasa. Himbi si huko, lakini sakafu ndiyo mahali pa baridi na vumbi pia. Weka tundu juu ya meza, kwa urefu wa kifua chako, likiwa limeegemea ukuta wa ndani wa nyumba na mbali na dirisha.

Ndani ya tundu ufanye kinyume: kijiti kishuke. Mdomo wake wa kushikia umefupishwa, akipanda anaweza kukosa na kuanguka, na ncha ndiyo itakayogonga. Weka kijiti sentimita 15 kutoka chini ya tundu, chini utandike kikwembe kilichokunjwa mara nne, na karatasi juu yake ili uone choo vizuri. Bakuli zikae karibu na kijiti asilazimike kupanda.

Joto. Usiku wa Goma hushuka hadi digrii 14 au 15. Kasuku mzima anastahimili, lakini ndege ambaye hali vizuri anachoma akiba yake kujipasha, ndiyo maana anatutumua manyoya. Anahitaji karibu digrii 27 hadi 30 kwa siku hizi. Chukua bidoni ya lita tano, jaza maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, funga kizibo vizuri, izungushie taulo, iegemeze upande mmoja wa tundu kwa nje. Funika pande tatu na juu kwa kitenge, upande wa nne uache wazi. Bidoni iwe upande mmoja tu, ili akisikia joto sana asogee mwenyewe. Ukiipasha saa mbili usiku, saa saba iguse na uibadilishe. Akihema mdomo wazi na mabawa yamesogea mbali na mwili, joto limezidi. Balbu usiiache usiku kucha, ndege lazima alale gizani.

Choo kwa kawaida kina sehemu tatu: kigumu cha kijani au kahawia, cheupe kama chokaa, na maji. Kidogo na cha kijani iliyokolea maana yake hakupata chakula cha kutosha. Hicho kitarudi akila. Ule umanjano kwenye cheupe ndio unaonisumbua. Boga na karoti hubadilisha kigumu, hazibadilishi cheupe hivyo. Mwondolee boga kwa siku moja, tandika karatasi nyeupe, piga picha ya choo cha asubuhi. Ukibaki, huenda ni jambo la ini, na hapo tunafika kwenye sababu ya mdomo wenyewe.

Kaka wa Kamalondo (Lubumbashi)

Nilikuwa nangoja mtu aseme neno ini. Mdomo wa kasuku unakua maisha yake yote, lakini wa ndege mzima huisha wenyewe kwa kutafuna na kwa midomo miwili kusuguana. Ukiona umerefuka hadi koo, kuna kitu nyuma yake, na ukiupunguza bila kutafuta kitu hicho utakuwa unapunguza kila wiki sita hadi kumi.

Sababu ambazo dokta angezipitia: ini bovu, upungufu wa vitamini A, jeraha la zamani lililopotosha mdomo, midomo isiyokutana tangu utotoni, utitiri wa ngozi (huo ni zaidi kwa ndege wadogo), na ule ugonjwa wa virusi vya mdomo na manyoya, ambao huambatana na manyoya yanayotoka yamepinda. Kwa orodha ya chakula uliyoiandika, mimi nasimama na ini na vitamini A. Alizeti na karanga ni mafuta mengi, vitamini A karibu hakuna, na kalsiamu kidogo. Kasuku wa kijivu anajulikana kwa kuishiwa kalsiamu hadi kutetemeka na kuanguka. Ini likijaa mafuta, keratini inatoka haraka na ni mbovu: inabanduka magamba, inakuwa laini, na ndani yake kuna madoa meusi ya damu. Kwa mdomo mweusi kama wake madoa hayo hayaonekani upesi, kwa hiyo angalia kucha pia. Zikiwa nazo zinarefuka kupita kiasi, ni dalili ileile.

Halafu karanga. Karanga zilizowekwa kwenye gunia mahali penye unyevu hushika ukungu unaotoa aflatoksini, sumu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Iwe ni soko la Virunga kwenu au la mtaa wa Kenya hapa kwetu Lubumbashi, huwezi kuijua kwa kuangalia tu, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Ushauri wangu ni kuziacha karanga kabisa kwa ndege huyu. Ukitaka kumpa kitu cha kumfurahisha, mpe hindi bichi la kuchemsha.

Kwa hiyo unaporudi kwa dokta omba damu ipimwe kwa ajili ya ini na kalsiamu, na mdomo uangaliwe kama umenyooka. Uliza pia kwa nini zilitolewa milimita nane mara moja. Mdomo uliorefuka vile huwa na damu iliyosogea mbele ndani yake, na kazi salama ni kuondoa milimita moja au mbili, kungoja wiki mbili tatu damu irudi nyuma, kisha kuendelea. Kwa mdomo mweusi huoni damu ilipo, na ndiyo maana nyumbani usijaribu kwa mkasi wa kucha hata siku moja. Mkasi unabana pande mbili na kupasua mdomo kwa urefu. Ufa ukifika karibu na pua, sehemu ile haioti sawasawa tena. Ukiona ufa, usitie gundi ya dukani.

Mabadiliko ya chakula yaanze akirudi 435 na kukaa hapo siku tano. Wiki ya kwanza robo ya alizeti itoke na mahali pake paingie mboga na nafaka zilizopikwa, wiki ya tatu nusu, mwezi wa pili alizeti ibaki kijiko kimoja cha chai kwa siku. Mpime wakati wote. Mboga za kila siku ni karoti, boga, viazi vitamu vya chungwa, pilipili tamu, na lengalenga (mchicha) kidogo. Matunda ya mchikichi, ngazi, ndiyo chakula cha kasuku huyu porini, na yana vitamini A nyingi, lakini yana mafuta pia. Ngojea majibu ya ini, likiwa zima mpe moja kwa siku. Kwa kalsiamu, ganda la yai lichemshe dakika kumi, likauke, lisage kama unga, nyunyiza kiasi cha kushika kwa vidole viwili juu ya chakula mara tatu kwa wiki, pamoja na jua la asubuhi la nusu saa bila kioo katikati, na kivuli cha kukimbilia.

Avoka (parachichi) hapana. Natilia mkazo kwa sababu Kivu kuna avoka kila ua. Tunda, jani na gome vyote vinaathiri moyo wa kasuku, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Wala usikate kijiti cha kusimamia kutoka mti huo. Mapera ni mazuri. Chai pia iondoke, na mkate wake.

Papa wa Nguba (Bukavu)

Niongeze juu ya kutafuna, maana ndiko mdomo unakoishia. Siku kumi za kwanza asipewe kitu kigumu, ila karatasi laini, bua la hindi, gome la mgomba. Baada ya hapo matawi mabichi ya mapera ya unene wa kidole gumba, yaliyooshwa, na gome lake lisitolewe. Kijiti kimoja kiwe chembamba na kingine kinene, miguu ipate kubadilika.

Goma mna jiwe la volkano kila mahali na watu hulitundika kwenye tundu. Linafaa, kwa sharti. Chagua lisilomomonyoka ukilikwaruza kwa kucha na lisilo na kingo za kukata, lisugue, lichemshe dakika ishirini, likauke, lifunge kwa waya wa chuma kisichopakwa zinki karibu na bakuli la chakula, apanguse mdomo baada ya kula. Lisiwe mahali pake pa kulala, litamtoboa nyayo. Na waya wa tundu lenyewe: ule wa kung'aa wa senyenge una zinki, kasuku akiutafuna anakula sumu polepole. Maji ya mvua ya bati nayo msimpe. Bati jipya linaacha zinki, na volkano inaleta majivu na florini. Maji yaliyochemshwa ya kunywa ninyi ndiyo yake.

Mama wa Himbi (Goma)

Nimesoma yote mara mbili. Mbabula imetoka, tundu liko juu ya meza, bidoni ipo. Leo Jumamosi asubuhi 424. Cheupe bado kina umanjano ingawa sikumpa boga tangu Alhamisi usiku, picha ninayo.

Jambo moja la mwisho. Kama ini ni bovu na matunzo yakatushinda, kuna mahali pa kumpeleka? Watu wananiambia niwauzie.

Dada wa Katindo (Goma)

Gramu tatu juu, aksanti Mungu. Endelea hivyo. Na picha hiyo mpelekee dokta Jumatatu, usingoje. Mwambie maneno mawili: cheupe kina umanjano, mdomo ulirefuka. Ataelewa.

Kuuza hapana. Kasuku wa kijivu amewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu Januari 2017, biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imefungwa, na anayenunua ndege mwenye mdomo huo hatamtibu. Kama matunzo yakishindikana, ongea na ICCN, taasisi ya serikali ya kulinda wanyama na mbuga, hapa Goma. Kituo cha Lwiro, upande wa Bukavu karibu na Kahuzi-Biega, kimekuwa kikipokea kasuku wa kijivu pamoja na sokwe na nyani wao. Wao ndio wa kuulizwa kama wana nafasi.

Siku ya kwenda kwa dokta, msafirishe katika sanduku dogo lenye matundu, si tundu kubwa, chini taulo, kitenge juu, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa pembeni. Mpe maharagwe yake saa mbili kabla. Barabara zetu za mawe zinatikisa, sanduku likae mapajani mwako, lisikae sakafuni mwa gari wala kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki. Daftari la uzito lisisahaulike.